Usharika Bila Mmisionari: Walutheri wa Kilimanjaro katika Vita Viwili vya Dunia

1.0 Utangulizi

Historia ya Kanisa katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kufuata nyayo za wamisionari: walifika lini, walijenga wapi, waliondoka lini. Njia hiyo ina kasoro. Ifikapo miaka ya vita, ambapo mmisionari hayupo, kurasa huwa tupu, kana kwamba maisha ya waumini nayo yalisimama. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba miaka hiyo ndiyo inayofafanua vizuri zaidi maana ya neno ambalo Walutheri wa Tanzania hulitumia kujitaja: usharika.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Wakatoliki husema parokia, neno linalotaja kwanza eneo na mamlaka yake. Usharika umetokana na mzizi wa Kiarabu uleule uliotupatia shirika na kushiriki. Unataja watu na kile wanachokigawana. Inafurahisha kwamba mapokeo yaliyomzaa Karl Roehl, mfasiri wa Biblia ya mwaka 1937 aliyejitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu katika Kiswahili cha Kanisa, yamejipatia jina lake kwenye chemchemi hiyohiyo.

2.0 Vita vya Kwanza: Mwalimu Bila Mchungaji

Misioni ya Leipzig ilianza kazi Machame mwaka 1893, kisha ikaenea Mamba na Moshi. Sera yake ilikuwa kuhubiri kwa lugha ya wenyeji, na kwa sababu hiyo Johannes Raum alichapisha sarufi ya Kimochi mwaka 1909. Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, alifikiri zaidi juu ya muundo wa jamii. Kwake, usharika haukupaswa kuvunja ukoo, ujirani na rika, bali kusimama juu ya mafungamano hayo. Wazee wa Kanisa wangetunza watu kama wazee wa ukoo walivyotunza wao.

Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Moshi. Hata hivyo, pigo kubwa kwa sharika halikuja siku ya mapigano, bali mwaka 1920, wamisionari Wajerumani walipofukuzwa nchini, Gutmann akiwa mmoja wao. Walisalia wachache wasio raia wa Ujerumani, kama vile Leonhard Blumer wa Arusha, mzaliwa wa Estonia.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza waziwazi. Kilimanjaro haikuwa na mchungaji mwenyeji hata mmoja aliyebarikiwa. Walikuwapo walimu, baadhi yao wakiwa wamefunzwa katika chuo cha Marangu, na walikuwapo wazee. Mwalimu aliweza kuongoza ibada, kufundisha katekisimu, kuzika na kupatanisha waliogombana. Kwa mafundisho ya Kilutheri, Mkristo yeyote aweza kubatiza panapo dharura. Lakini Chakula cha Bwana kilihitaji mchungaji. Kwa hiyo watu waliojitaja kwa jina la kushiriki walikosa, au walikingoja kwa muda mrefu, kile ambacho ushirika huo hukamilika kwacho. Baada ya takriban miaka thelathini ya misioni, neno la Mungu lilikuwa limekabidhiwa kwa wenyeji, lakini meza ilikuwa bado mikononi mwa wageni.

Mwaka 1925, akiwa bado Ujerumani, Gutmann alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya ujenzi wa usharika. Yafaa kukumbuka kwamba wakati huo sharika alizoziandikia zilikuwa zimekwisha kujaribiwa bila yeye. Mpango wa wazee ulistahimili. Pengo la uchungaji halikuzibika.

3.0 Vita vya Pili: Mchungaji Yupo

Wamisionari wa Leipzig walirudi tangu katikati ya miaka ya 1920, na safari hii somo lilieleweka. Mwaka 1934 walibarikiwa wachungaji wenyeji, miongoni mwao Solomon Nkya wa Machame na Lazaros Laiser wa Arusha. Miaka mitano baadaye vita vilizuka tena. Wajerumani wakawekwa kizuizini, na vituo vyao vikaingia katika orodha ya zile zilizoitwa misioni yatima. Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walipewa usimamizi, naye Richard Reusch, mzaliwa wa Urusi, akabaki kazini kaskazini.

Jina hilo la yatima lahitaji kuhojiwa. Yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi. Jina lilifaa kwa bodi za misioni zilizotafuta fedha na wasimamizi, ila halikufaa kwa usharika ambao Jumapili hiyohiyo ulibatiza, ukahubiriwa na ukashiriki Chakula cha Bwana mikononi mwa mchungaji aliyezaliwa mlimani hapo. Aliyefiwa hapa ni misioni, si usharika.

Badiliko jingine lilihusu lugha. Wasimamizi wapya hawakuwa na miaka ya kujifunza Kimochi au Kimachame kama Raum na Gutmann. Kichaga kilibaki katika maombi na nyimbo, lakini mazungumzo ya sharika na wasimamizi wao, na ya Kaskazini na Usambara, yalielekea zaidi kwenye Kiswahili. Mwaka 1947 chuo cha theolojia kilifunguliwa Lwandai, Usambara, kisha mwaka 1954 kikahamia Makumira. Humo Mchaga alikaa darasa moja na watu wa lugha nyingine.

4.0 Hitimisho

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, na mkuu wake wa kwanza akawa Askofu Stefano Moshi. Muungano huo huelezwa mara nyingi kuwa tunda la uhuru wa nchi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Mizizi yake imo pia katika miaka miwili iliyotajwa hapa: 1920, ilipodhihirika kilichokosekana, na 1934, kilipotolewa. Vita havikuupa usharika wachungaji. Vilionyesha tu, mara ya kwanza kwa uchungu na mara ya pili kwa faraja, ni nani hasa aliyekuwa mwenye nyumba.