Kidonge huyeyukaje? Kipimo cha maabara na kipimo cha mwilini

MGONJWA anapomeza kidonge huamini kuwa miligramu zote zilizoandikwa kwenye pakiti zitafika katika damu yake. Lakini kidonge kisichoyeyuka hakina faida kuliko kokoto; hupita tumboni na ugonjwa ukabaki pale pale.

Hatari hiyo ilidhihirika mwaka 1971 nchini Marekani, pale Dk. John Lindenbaum na wenzake walipochunguza vidonge vya digoksini, dawa ya moyo. Kipimo kilichoandikwa kilikuwa kimoja, lakini kiwango cha dawa katika damu kilitofautiana hadi mara saba. Kwa digoksini tofauti hiyo yaweza kuua, kwani kiasi kinachotibu hakiko mbali na kiasi kinachodhuru.

Ndiyo maana kabla ya kuidhinishwa vidonge hupimwa jinsi vinavyoyeyuka. Maabara hutumia vyombo vya kioo vyenye ujazo wa lita moja. Ndani yake hutiwa kimiminika, mara nyingi mililita 900, chenye joto la nyuzi 37 za Selsiasi kama mwili wa binadamu. Kimiminika hicho huweza kuwa na tindikali kali mfano wa tumbo, au hafifu mfano wa utumbo mwembamba.

Vidonge sita hutumbukizwa, kila kimoja katika chombo chake, na kasia dogo huzungushwa mara 50 au 75 kwa dakika. Dawa zinazoelea, kama vile kapsuli, huweza kuwekwa katika kikapu cha waya kinachozunguka. Muda uliopangwa ukifika, mtaalamu huchota kimiminika kidogo na kupima dawa iliyoyeyuka.

Hata hivyo, kioo si tumbo. Kwa sababu hiyo, kiwanda kinachoiga dawa ya mtengenezaji wa kwanza kwa kawaida hutakiwa kuipima pia kwa watu waliojitolea, wasiopungua 12. Kila mmoja humeza dawa zote mbili kwa nyakati tofauti, kisha damu yake huchukuliwa mara kadhaa. Hesabu za kitakwimu zikionyesha kuwa uwiano wa dawa iliyoingia katika damu umo kati ya asilimia 80 na 125, dawa hizo huhesabiwa kuwa sawa.

Baadhi ya dawa husamehewa kipimo cha watu. Hizo ni zile zinazoyeyuka kwa urahisi na kupenya haraka katika kuta za utumbo, kwa kufuata mgawanyo wa makundi manne uliotolewa mwaka 1995 na Profesa Gordon Amidon na wenzake.

Kwa Afrika Mashariki suala hili si la vitabuni tu. Dawa ya SP, ambayo Tanzania iliitumia kutibu malaria kuanzia mwaka 2001 na ambayo bado hupewa wajawazito kama kinga, ina pirimethamini, kemikali isiyoyeyuka kirahisi katika maji. Kidonge chake chaweza kuwa na kiasi sahihi cha dawa na bado kikashindwa kipimo cha kuyeyuka.

Joto na unyevu navyo huweza kubadili uyeyukaji wa kidonge. Msomaji anashauriwa kuhifadhi dawa mahali pakavu, kutosaga vidonge bila ushauri, na kumweleza mfamasia iwapo dawa ya kiwanda kipya haimsaidii, badala ya kujiongezea dozi mwenyewe.