Sakafu Juu ya Boriti: Neno, Ufundi na Bafu la Ghorofani katika Mwambao wa Waswahili

Katika Kiarabu, saqf ni paa au dari. Lilipotoholewa katika Kiswahili, neno hilo lilishuka hadi miguuni likawa sakafu. Badiliko hilo lina mantiki ya kiujenzi. Katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, dari ya chumba cha chini ndiyo sakafu ya chumba cha juu, na mapaa ya kale yalikuwa bapa. Makala haya yanajadili namna ujuzi uliohifadhiwa katika neno hilo unavyopotea, na athari za upotevu huo kwa majengo yenyewe.

Kihistoria, sakafu ya ghorofani haikuwa uso tu. Boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa kuwa zilivuka nafasi ya takribani mita 3 tu, ndizo zilizoamua wembamba wa vyumba. Juu yake vililazwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha mchanganyiko wa chokaa, mchanga na kokoto, uliopigwa kwa vipande vya mti hadi ukashikana. Kazi hiyo ndiyo iliyoitwa kusakifu. Bafu na birika lake vilikaa juu ya matabaka hayohayo, vikilindwa kwa mwinamo wa kutolea maji, lipu ya chokaa na ukarabati wa mara kwa mara.

Kuenea kwa saruji na vigae kumebadili uhusiano huo. Boriti hunepa kidogo chini ya uzito, ilhali kigae hakinepi. Hivyo maungio hupasuka na maji hupenya. Chokaa huruhusu unyevu kutoka, lakini saruji huufungia ndani. Vichwa vya boriti vilivyomo ukutani ndivyo huanza kuoza, mahali ambapo jicho halifiki. Uso hung'aa huku mhimili ukidhoofika, na mkazi wa chini huwa wa kwanza kuuona ukweli darini.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Ulinzi wa miji hiyo hauwezi kuishia kwenye milango na kuta za nje. Miongozo ya ukarabati na istilahi za vyuo vya ufundi zitenganishe boriti, sakafu na vigae. Kabla ya kigae chochote kuwekwa bafuni, vichwa vya boriti vikaguliwe, zilizooza zibadilishwe, tabaka la chokaa lirudishiwe, mwinamo upimwe, na uzito wa nyongeza ukadiriwe. Pale boriti zisipoweza kuubeba, lipu ya chokaa ibaki kuwa uso wa mwisho. Fundi anayefundishwa kwamba sakafu ni kigae hatakuwa na sababu ya kutazama kilicho chini yake.