Gharama na Faida za Ofisi Zinazotunza Mazingira Gongoni

Kati ya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, yakaachiwa jua na upepo mpaka ibaki chumvi. Jua hilohilo likipiga ukuta wa ofisi unaotazama magharibi, mwenye ofisi hulilipia kila mwezi katika bili ya stima.

Wengi husikia ofisi inayotunza mazingira wakafikiria sola. Hapa hesabu huanza kwenye ramani. Gongoni iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuta za mashariki na magharibi ndizo huchomwa zaidi. Jengo likilazwa pande zake ndefu zitazame kusini na kaskazini, kuta hizo huwa fupi, na madirisha hupata kusi msimu wake na kaskazi msimu wake. Kiwanja kikiruhusu, uamuzi huu hauongezi hata shilingi. Baraza pana na dari nzuri chini ya mabati zina gharama, ila huenda zikaondoa haja ya kiyoyozi, ambacho hewa ya chumvi hukitia kutu mapema.

Sola yenyewe huifaa ofisi kwa kuwa kazi hufanywa mchana. Betri, ambazo ni ghali, huhitajika chache. Maji nayo: kila milimita ya mvua juu ya paa la mita za mraba 200 ni lita 200, ukitoa zinazopotea. Gharama iko kwenye tangi.

Mwaka 2003, Greg Kats aliiandalia California ripoti kuhusu majengo 33 ya ofisi na shule yanayotunza mazingira nchini Marekani. Nyongeza ya gharama ya ujenzi ilikuwa chini kidogo ya asilimia 2, na faida ya miaka 20 ikapita mara 10 ya nyongeza hiyo. Sehemu kubwa ya faida haikutoka kwenye stima. Ilitokana na afya na utendaji wa wafanyakazi. Naliona jambo hilo ni zito kwetu: karani anayelemewa na joto saa nane mchana bado analipwa mshahara.

Jengo la Eastgate, Harare, lililobuniwa na Mick Pearce na kufunguliwa 1996, hupozwa kwa hewa baridi ya usiku. Mbinu hiyo haitufai, kwa kuwa usiku wa Pwani una joto na unyevu. Hapa kinachopoza mwili ni upepo unaopita.

Kikwazo kigumu ni mfuko. Mwenye nyumba hulipia ujenzi, mpangaji hulipia stima. Panapokuwa na mfuko mmoja, kama ofisi ya kaunti au shule, anayegharimika kujenga ndiye anayevuna bili ndogo.