Mwenza Amekatika

Neno rika lilifika kwenye semina za Kasulu na Kibondo kabla ya kompyuta. Lililetwa na miradi ya afya. Mwelimishaji rika ni kijana anayefundishwa mambo ya UKIMWI, ya uzazi au ya malezi, kisha anarudi kuwafundisha vijana wa umri wake. Katika Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na katika Nduta ya Kibondo iliyopokea Warundi, neno hilo limekuwa la kila siku kama foleni ya maji. Kwa hiyo kijana wa nyanda hizi anayejifunza kuandika programu za michezo, akikutana na neno la Kiingereza peer, tafsiri anayo tayari.

Nalipenda rika, na kwa kulipenda sitaki libebeshwe mzigo usio wake. Tuichukue Godot, injini ya kutengenezea michezo iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina, ikaachiwa umma bure mwaka 2014. Haina ada ya leseni, na inaendeshwa hata na kompyuta ya kawaida, sababu mbili zinazotosha kuifikisha mahali ambapo programu ya kulipia haifiki. Ndani ya Godot kila kifaa kinachoingia kwenye mchezo wa watu wengi ni peer na hupewa namba. Aliyeufungua mchezo ni namba 1 siku zote. Wanaomfuata hupewa namba kubwa za kubahatisha. Kwa kawaida namba 1 ndiye mwenye kauli ya mwisho: bao limeingia au halikuingia, nani amegongwa, nani kashinda. Rika halina mpangilio wa namna hiyo. Isitoshe, ukiandika kwenye kioo kwamba “marika matatu yameungana”, msomaji ataona vizazi vitatu, babu na baba na mjukuu. Pale ambapo vifaa viko sawa kabisa na hakuna mwenye kauli ya mwisho, waliosema “rika kwa rika” walisema vyema, na hapo neno libaki.

Kwa kifaa kimoja kimoja ninalitetea neno mwenza. Liangalie linavyofanya kazi kwetu: mgombea mwenza, mwenyekiti mwenza, mke mwenza. Mgombea mwenza hayuko sawa na mgombea urais, na hakuna anayedhani yuko sawa, ila wanapanda au wanaanguka kwa kura ileile. Hiyo ndiyo hali ya vifaa ndani ya mchezo wa mtandaoni. Vinashiriki jambo moja ingawa mamlaka yamekaa upande mmoja.

Kuna jambo jingine linalonivuta. Ndugu yake, mwenzi, hapendi kukaa bila mwenyewe: mwenzangu, mwenzako, mwenzake. Ukilisema lazima useme pia unatazama kutoka wapi. Mtandao nao uko hivyo hivyo. Kwenye simu yangu wewe ndiye mwenza, kwenye simu yako mwenza ni mimi, na makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kusahau ni simu ipi inayosoma mstari ule wa programu. Kirundi, ambacho Kiha ni jirani na ndugu yake wa karibu, kina neno umugenzi, rafiki, kutoka kitenzi cha kwenda: mtu mnayekwenda naye. Mwanafunzi wa Kasulu au wa Nduta hana haja ya kuelezwa kwa kirefu.

Pingamizi nalijua. Kliniki ya wajawazito humwambia mama aje na mwenza wake, na ujumbe “mwenza wako amekatika” unaweza kuzua mengine nyumbani. Ndani ya programu tuandike mwenza na wenza. Kwenye kioo, mbele ya mchezaji, tuandike mwenzako.

Upande wa pili wamekaa seva na mteja. Seva imekubalika, tusiisumbue. Mteja ana historia nzito zaidi. Kenya, sauti iliyorekodiwa inayosema mteja hapatikani ilizoeleka mpaka watu wakaanza kusema simu ya fulani “iko mteja”, yaani haipatikani. Msomaji wa Nairobi anayekuta “mteja ameunganishwa” anasikia neno likipingana na jirani yake. Simu inapofungua mchezo kwa wengine, mimi nasema mwenyeji, na ni neno zuri mno. Tatizo ni jozi yake. Mwenyeji humwita mgeni, na katika wilaya hizi mbili “jamii wenyeji” ni lugha ya ofisi za misaada, ikimaanisha wasio wakimbizi. Mtoto aliyezaliwa Nduta ameambiwa ya kutosha kwamba yeye si wa hapa. Sioni kwa nini mchezo nao umwandikie kwamba ni mgeni. Awepo mwenyeji, na wengine wote wawe wenza.

Maneno mengine yameshachukuliwa na biashara ya simu, na hapa nitapita haraka. Kujiunga, kwa Mtanzania mwenye simu mkononi, ni kununua bando kwanza. Kitufe cha “Jiunge” kwenye mchezo kitamtisha mwenye salio dogo, heri “Ingia”. Kifurushi ni bando hilohilo, kwa hiyo kipande cha data kinachosafiri kiitwe pakiti.

Istilahi zetu za kompyuta zilikuzwa zaidi ofisini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo, na kazi ile ilitusaidia kusema faili, hifadhi, hariri. Karani anayeandika barua hahitaji neno la mtu aliyetoweka katikati ya shughuli. Mchezaji analihitaji kila jioni.

Kwanza kukutana. Simu mbili zilizo juu ya meza moja Kasulu mjini hazihitaji bando ili zichezeane. Moja ikiwasha hotspoti nyingine inaingia, na kwenye simu nyingi za Android za miaka ya nyuma mwenye hotspoti alipatikana kwa anwani ileile, 192.168.43.1. Mwalimu anaweza kuiandika ubaoni. Mpango wa shule wa Vodafone Foundation na UNHCR, uliofika hadi Nyarugusu, ulibuni kasha lenye kompyuta moja na tableti 25 za wanafunzi kwa fikra hiyohiyo: mtandao wa darasani uwepo kwanza, wa dunia ufuate ukipatikana.

Simu moja ikiwa Kasulu na nyingine Kibondo, hiyo ni habari nyingine. Anwani za intaneti za aina ya zamani ni bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, kwa hiyo kampuni za simu huzificha simu nyingi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 fungu zima la anwani, linaloanzia 100.64.0.0, lilitengwa kwa kazi hiyo. Simu ya Kibondo inaweza kutoka na kuuliza, lakini wa nje hawezi kuianza. Ili simu mbili za namna hiyo zikutane anahitajika wa tatu. Kila moja inampelekea ujumbe. Anatazama kila ujumbe umetokea mlango gani. Anampa huyu mlango wa yule. Kisha zote mbili zinatumiana pakiti kwa wakati mmoja mpaka njia inafunguka. Akishamaliza anaondoka, hana hisa tena katika mazungumzo. Waingereza wana majina kadhaa kwa kazi hii, na yote ni baridi. Sisi tunaye mshenga. Kuna siku milango inakataa kabisa, na hapo panahitajika seva ya kukaa katikati ibebe kila pakiti kutoka huku kwenda kule. Hiyo nimeiita mpitishaji, kwa kuwa mshenga asiyeondoka si mshenga tena.

Sasa kukatika. Michezo mingi inayokwenda kasi hutumia UDP, utaratibu ulioandikwa mwaka 1980 ambao haujui kitu kinachoitwa muunganisho. Pakiti inarushwa, basi. Kinachoitwa muunganisho ni makubaliano yaliyowekwa kwenye kumbukumbu za pande zote mbili, na yanaishi kwa kutumiana vijumbe vidogo. ENet, maktaba ambayo Lee Salzman aliiandika kwa ajili ya mchezo wa Cube na ambayo Godot inaitumia hadi leo, pakiwa kimya hutuma kijumbe cha kuuliza kila nusu sekunde. Kisipojibiwa hukirudia, kila mara ikingoja zaidi. Uvumilivu wake wa kawaida ni kati ya sekunde 5 na 30. Ukiisha, programu inapata taarifa moja: peer_disconnected.

Taarifa hiyohiyo hutolewa mchezaji akiaga mwenyewe. Hutolewa pia namba 1 akimfukuza. Kiingereza kinaridhika na neno moja kwa mambo matatu, na programu nyingi zimerithi uvivu huo: nafasi inafutwa, pointi zinapotea, wenzake wanaambiwa kakimbia. Kiswahili kingekuwa kinaandika programu tangu mwanzo, nadhani kosa hilo lisingezaliwa, kwa sababu kitenzi chetu hakikuruhusu kunyamaza kuhusu mtendaji. Ametoka: ameamua. Amekatwa: yupo aliyemkata, na anaweza kuulizwa kwa nini. Amekatika: hakuna wa kulaumiwa. Kiambishi kidogo kinabeba kinachohitaji kurasa kwenye mwongozo wa programu. Na kitenzi hiki hakina mpaka. Mkongo wa Kivu aliyeko Nyarugusu huita mtandao rezo, Mtanzania wa Kasulu husema mtandao, lakini kwa wote wawili unakatika.

Nyanda hizi zinakijua kitenzi hicho kwa mwili. Mpaka gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022, umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na jenereta likizimika hakuna aliyesema mji umetoroka. Programu inayomwadhibu aliyekatika kama aliyetoroka imeandikwa na mtu asiyewahi kukatikiwa.

Kuzitenga hali hizi tatu ndani ya programu si kazi ngumu. Anayetoka kwa hiari hutuma kwaheri kabla ya kufunga, na kwaheri hiyo iandikwe. Anayekatwa, namba 1 aweke sababu kabla ya kumtoa. Aliyebaki, ambaye kimya chake kilimaliza sekunde za ENet bila neno, huyo kakatika. Katika mchezo wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64, kumngoja hakugharimu chochote: ubao wote ni namba chache, unakaa kwenye kumbukumbu ya mwenyeji mpaka mwenzake arudi. Kandanda ni ngumu zaidi, mpira hausubiri, ila hata hapo kompyuta inaweza kumshikia nafasi kwa dakika moja.

Ugumu uko kwenye kurejea. Aliyekatika akirudi, Godot inampa namba mpya ya kubahatisha, na kwa programu yeye ni mtu mwingine aliyeingia sasa hivi. Namba ya mwenza ni ya muunganisho, haikuwa ya mtu. Kwa hiyo siku ya kwanza anapoingia apewe kitu kingine cha siri cha kutunza kwenye simu yake, aje nacho. Neno lake sijalipata bado. Kitambulisho kinanuka ofisi, tena katika kambi kinagusa karatasi ambazo watu wanaziogopa. Nywila hapana, kwa kuwa mtu haikariri. Nimekuwa nikiandika alama ya kurejea, na taarifa zake ninazitenga na zile za anayeingia mara ya kwanza: mmoja ameingia, mwingine amerudi, na kwenye kioo cha wenzake, Mwenzako amerudi, zamu ni yake.