The Sims imeanza kukuboa? Ipe stori

Nyumba ya ghorofa ipo, pesa zipo, kila mtu ana kazi nzuri. Hapo ndipo wengi huichoka The Sims, gemu ya maisha iliyotoka mwaka 2000. Haina mwisho wala mshindi, hivyo shida zikiisha, hamu nayo inaisha.

Dawa yake ni kuwapa wahusika wako kisa.

Mfano maarufu ni wa Alice na Kev. Mwaka 2009, Robin Burkinshaw wa Uingereza aliunda baba na binti yake kwenye The Sims 3, akawaacha bila nyumba wala pesa. Kev ni mkali, Alice ana roho nzuri ila hajiamini. Walilala kwenye mabenchi. Burkinshaw alipiga picha za maisha yao na kuyasimulia mtandaoni. Alice alipopata mshahara, aliutoa wote msaada. Wasomaji waliguswa kweli.

Ukitaka kujaribu:

- Mpe mhusika kasoro. Mtu mwema tu hana stori.
- Anza na kidogo. Achana na "motherlode", neno la siri linalokumwagia simoleoni 50,000.
- Usifute makosa. Akifukuzwa kazi au akifa, usirudi nyuma. Endelea.
- Cheza vizazi. Kwenye Legacy Challenge unaanza na mtu mmoja kwenye kiwanja kitupu, hadi kizazi cha 10.
- Weka kumbukumbu. Piga skrinishoti, andika sentensi mbili.

Ukianza kujiuliza "kesho itakuwaje?", ujue gemu imerudi.