Hewa Inayovuja: Injini za Base ya Kamina

Injini ya ndege ya mafunzo ya Harvard ikiwa bado imezimwa kwenye Base ya Kamina, Kongo, geji yake ya hewa ilikuwa tayari na la kusema. Eneo hilo liko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mshale ambao Mombasa ungekaribia inchi 30 za zebaki, hapa ulisimama karibu na 26. Kila kipimo kilichofuata kilianzia kwenye namba hiyo.

Wabelgiji waliijenga base baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na katika miaka ya 1950 jeshi lao la anga likawafundisha marubani hapo. Harvard ilibeba injini ya Pratt & Whitney Wasp yenye silinda 9 zilizopangwa duara na nguvu-farasi 600. Ndani yake gia zilizungusha feni iliyosukuma hewa kwenye silinda. Turbo hufanya kazi hiyohiyo, ila feni yake huzungushwa na moshi wa injini, wazo ambalo Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905.

Injini ya namna hii ina ugonjwa wa kutatanisha: kwenye mzunguko wa chini hutetemeka na kumisi, lakini ikipewa mafuta mengi inatulia kabisa. Sababu mojawapo ni bomba la hewa lililolegea. Rubani akiwa ameachia mafuta, ndani ya bomba shinikizo huwa chini kuliko la nje, na ufa mdogo hunyonya hewa isiyo na mafuta. Akiongeza nguvu, feni hujaza bomba, na ufa uleule huanza kutoa badala ya kuingiza.

Fundi wa Wasp hakukimbilia kabureta. Kila silinda ilikuwa na plagi 2, kila moja ikipewa moto na magneto yake, hivyo alizima magneto moja, kisha nyingine, akitazama mizunguko inaposhuka. Silinda mbovu aliweza kuipata kwa kupapasa vichwa: kilichobaki baridi ndicho kisichochoma.

Uhuru wa Kongo wa 1960 ulifunga shule hiyo ya marubani, na Umoja wa Mataifa ukaichukua base. Novemba 1964 ndege za C-130 za Marekani zilitua hapo na makomando wa Kibelgiji waliokuwa njiani kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo. Mwaka 1978 makomando wengine wa Ubelgiji walipitia Kamina kuelekea Kolwezi. Enzi ya Harvard ilikuwa imekwisha, lakini hewa ya kusukumwa ilikuwa inaingia kwenye magari. Oldsmobile na Chevrolet zilianza kuuza magari ya turbo mwaka 1962, na Saab ikaifanya turbo kuwa kitu cha kila siku mwishoni mwa miaka ya 1970.

Gari la petroli lenye turbo lina ugonjwa uleule wa Wasp. Ralanti, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikipanda na kushuka, mpira wa bomba baada ya turbo, klipu zake na vali ya kurudisha hewa huchunguzwa kabla ya kununua sensa mpya. Moshi ukipulizwa ndani ya mfumo huku injini imezimwa, hutokea palipopasuka. Kompyuta ya gari nayo husaidia: Kamina, ufunguo ukiwa umefunguliwa bila kuwasha, sensa ya shinikizo inapaswa kusoma karibu kilopaskali 89. Ikisoma 101, kama ya pwani, yenyewe ndiyo ya kutiliwa shaka.

Dizeli ina njia yake. Land Cruiser 80 ilipokuja mwaka 1990 na dizeli ya turbo, 1HD-T, fundi alilazimika kuanza upande wa mafuta. Dizeli za namna hiyo hupunguza mafuta ili kushusha mzunguko, hazibani hewa kama petroli, na ufa kwenye bomba la turbo hujitokeza zaidi gari linapopanda mlima: moshi mweusi na nguvu kupungua. Ralanti ikiyumba, hutazamwa kwanza chujio lenye maji, hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta, nozeli na pampu.