Misafara iliyojenga Katanga: sote tulitoka mahali

Siku hizi swali moja linasikika sana, sokoni na penye maji: "Wewe ni wa wapi?" Leo tujibu kwa historia.

Kabla ya treni, safari katika nchi yetu ilikuwa ya miguu, tena ya muda mrefu. Mwaka 1802 wachuuzi wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Anastácio José, walitumwa na Wareno wa Angola wavuke bara hadi Msumbiji. Walipita nchi ya shaba, wakazuiliwa miaka kwa Mwata Kazembe, na wakafika Tete mwaka 1811. Safari ya kwenda tu iliwala zaidi ya miaka minane.

Msafara ulikuwa kijiji kinachotembea. Kirangozi alitangulia, wapagazi wakafuata na mizigo ya kilo 30 hivi, na mara nyingi wanawake na watoto walikuwemo. Wakubwa wa njiani walidai hongo ya vitambaa na shanga. Mto ukijaa au vita vikizuka mbele, watu walipiga kambi wakangoja. Wengine hawakuondoka tena.

Kutoka Katanga zilitoka pembe za ndovu, chumvi, na misalaba ya shaba iliyoyeyushwa na wazee wetu. Tusifiche: walitoka pia watu, wakiuzwa kama watumwa.

Kalasa, mchuuzi wa upande wa Tabora, alikuja huku kutafuta shaba. Mtoto wake Msiri akafuata njia ileile, na katika miaka ya 1850 akabaki. Akajenga Bunkeya na kuwa mwami wa Wayeke. Misafara ilimfikia kutoka pwani mbili: Bagamoyo mashariki, Benguela magharibi. Hata Arnot, mmisionari aliyefika Bunkeya mwaka 1886, alipitia njia ya Benguela.

Lakini utawala wake ulikuwa mzito kwa wenye nchi. Mwaka 1891 Basanga waliasi. Desemba mwaka huohuo ukafika msafara wa Kapteni Stairs kutoka Zanzibar, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tarehe 20 Desemba Msiri aliuawa kwa risasi. Bunkeya ikatawanyika, njaa ikaingia. Stairs mwenyewe hakufika kwake. Alikufa Chinde, Msumbiji, mwaka 1892.

Baadaye mizigo ikahama kutoka vichwani kwenda kwenye mabehewa. Treni ilifika Lubumbashi mwaka 1910, na kompani ya shaba ikaleta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini. Watoto wao walizaliwa hapa. Hata hivyo, mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walilala kituoni wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona. Wapo waliofia njiani.

Hiyo ndiyo hatari ya swali letu likiulizwa kwa hasira. Hata Kiswahili tunachoulizia kilifika huku kwa miguu, kinywani mwa watu wa misafara.

Historia hii inamfundisha mwenyeji na mgeni pia. Basanga hawakuasi kwa sababu Msiri alitoka mbali. Waliasi kwa sababu ya uzito wa mkono wake. Anayefika leo aheshimu wakubwa wa kimila, aombe shamba, asilinyakue. Na anayempokea akumbuke kwamba mzigo ulio mlangoni pake unafanana na ule alioubeba babu yake. Mtu akishalima hapa, akazaa hapa na kuzika wake hapa, swali la alikotoka liwe la kufahamiana, lisiwe la kumfukuza.

Wazee wenye habari za misafara, tusimulieni kabla hazijapotea.